Hali mbili za chamoniamu zikikaribiana mno: nadharia ya usumbufu huishia wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia. Nimekokotoa viwango vya nishati vya chamoniamu (jozi ya kwaki ya chamu na mpinzani wake) kwa potenshali ya Cornell, yenye sehemu ya Coulomb na sehemu ya mstari mnyoofu, kisha nikaongeza kani ya tensa kama usumbufu. Kwa vigezo vya kwanza, hali za 2S na 1D (herufi S, P na D ni momenta ya mzunguko 0, 1 na 2) ziliachana kwa MeV 80, na daraja la pili lilisogeza kila moja kwa MeV 4 hivi. Nilipobadilisha vigezo ili nione matokeo yanavyohimili, pengo likashuka hadi MeV 10 na msogeo ukaruka hadi MeV 32, yaani zaidi ya mara tatu ya pengo lenyewe. Kipengele kinachounganisha hali hizo mbili ni karibu MeV 18 katika hesabu zote. Nimekosea wapi? Tena msimamizi wangu aliniuliza jambo lililoninyamazisha: mbona hc na χc1, hali nyingine mbili za chamoniamu ambazo kwa kweli zimekaribiana kuliko ψ hizi mbili (yaani 2S na 1D), hazina matatizo haya?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kujaribu vigezo zaidi ya kimoja. Wengi wakishapata jibu linalofanana na la vitabuni hufunga daftari, na hawajui kamwe kwamba hesabu yao ilikuwa imesimama ukingoni.

Hesabu yako haina kosa. Kipeo cha pili cha 18 ni 324, ukigawa kwa 10 unapata 32.4. Kosa limo katika swali ulilolipa hesabu hiyo. Nadharia ya usumbufu huchukua hali uliyonayo, ikaigusa kidogo, ikatazama inavyosogea. Inachukulia kwamba hali itabaki ileile, na kwamba vipande vya majirani vitaingia ndani yake kama chumvi inavyoingia katika mchuzi. Ukubwa wa kila kipande ni V, yaani kile kipengele chako kinachounganisha, ikigawanywa kwa pengo Δ. Kwako V/Δ imefika 1.8. Umeambiwa chumvi ni nyingi kuliko mchuzi, na hapo neno «usumbufu» halina maana tena.

Sasa weka nadharia ya usumbufu pembeni kidogo, uzikokotoe hali hizi mbili kikamilifu. Ni matriki ya mbili kwa mbili tu: kwenye ulalo andika nishati mbili za awali, nje ya ulalo andika V. Msogeo kamili wa kila hali ni kipeuo cha pili cha (Δ/2)² + V², ukiondoa Δ/2. Kwa pengo la 80 unapata MeV 3.86, nawe ulipata 4.05 kwa daraja la pili. Hapo uko salama kabisa. Kwa pengo la 10 jibu kamili ni MeV 13.7, si 32.4. Hata pengo likiwa sifuri, msogeo hauzidi V yenyewe: hali moja hupanda kwa 18, nyingine hushuka kwa 18, basi. Hakuna kitu kinacholipuka katika maumbile. Kilicholipuka ni mfululizo wetu.

Na mfululizo huo una mpaka unaojulikana barabara, hauhitaji kukisiwa. Panua kile kipeuo cha pili upate V²/Δ, kisha −V⁴/Δ³, kisha +2V⁶/Δ⁵, na kuendelea. Kwa pengo la 80 vipande hivyo ni 4.05, −0.21 na 0.02; jumla yake inatulia upesi kwenye 3.86. Kwa pengo la 10 ni 32.4, −105 na 680. Ungejitahidi kwenda daraja la nne na la sita ukidhani unaboresha jibu, kumbe kila hatua inakupeleka mbali zaidi. Mfululizo unatulia pale tu Δ inapozidi 2V. Kwa V yako mpaka uko MeV 36. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasiulize «pengo ni dogo kiasi gani?» Pengo la MeV 80 linaweza kuwa hatari na la MeV 2 likawa salama, lazima ulipime kwa V.

Pembe ya mchanganyiko nayo inasema hayohayo. Tanjenti ya pembe maradufu ni 2V/Δ. Kwa pengo la 80 inatoka nyuzi 12.1, na hali mbili mpya zinaachana kwa MeV 87.7. Linganisha na maabara: ψ(2S) ina tungamo la MeV 3,686, na ψ(3770), ambayo ndiyo 1D yako, ina karibu MeV 3,774. Tofauti yao ni MeV 88 hivi. Vigezo vyako vya kwanza, kwa bahati au kwa busara, vimeangukia palepale penye ukweli. Kwa pengo la 10 pembe inafika nyuzi 37, na hapo huwezi tena kusema kwa uaminifu ipi ni 2S na ipi ni 1D. Kila moja ina asilimia 63 hivi ya moja na 37 hivi ya nyingine.

Huenda unajiuliza ni kwa nini hasa hizi mbili ndizo zilizo jirani. Mimi hapa ndipo fizikia hii iliponinasa nikiwa na umri kama wako. Fikiria potenshali ya springi, inayokua kwa kipeo cha pili cha umbali: humo 2S na 1D ni pacha kamili, zina nishati moja. Fikiria sasa potenshali ya Coulomb, ile ya atomi ya haidrojeni: humo 1D yetu inakaa ngazi ya tatu pamoja na 3S, juu sana ya 2S. Kwaki nzito mbili haziko huku wala kule. Zikiwa karibu, gluoni moja inayopita kati yao hutoa kitu kinachofanana na Coulomb. Zikiwa mbali, mvutano unakua sawasawa na umbali. Kwa potenshali ya mstari mnyoofu peke yake, katika vipimo vyake vya asili, 1S iko 2.338, 1P iko 3.361, 2S iko 4.088 na 1D iko 4.248. Ona 2S na 1D zilivyobanana. Ukiongeza sehemu ya Coulomb, 2S inashuka kuliko 1D na pengo linapanuka. Kwa hiyo ulipobadilisha vigezo pengo likaporomoka hadi 10, nashuku umedhoofisha sehemu ya Coulomb au umekaza mno sehemu ya mstari. Kagua hapo kwanza.

Katika botomoniamu, jozi ya kwaki ya bottom na mpinzani wake, ambako kwaki ni nzito zaidi na hukaa karibukaribu, sehemu ya Coulomb ina nguvu zaidi. Hali ya 1D yenye J = 2 (J ni jumla ya spini na mzunguko) imeonekana karibu MeV 10,164, na 2S ya huko, iitwayo Υ(2S), iko MeV 10,023; pengo ni MeV 140 hivi. Juu ya hilo, kani ya tensa hupungua kwa kipeo cha pili cha tungamo la kwaki. Pengo limekua na V imepungua, kwa hiyo mchanganyiko huko ni mdogo. Ukitaka sehemu ya tasnifu ambamo usumbufu wa kawaida unatosha bila wasiwasi, ichukue botomoniamu.

Sasa hiyo V. Kani ya tensa hutegemea mwelekeo wa spini za kwaki kulingana na mstari unaoziunganisha, hivyo inaweza kubadilisha momenta ya mzunguko kwa vipimo viwili, kutoka S hadi D, mradi J, pariti na ugeuzaji wa chaji (C) vibaki vilevile. Hali zako mbili zina spini jumla 1, J = 1, pariti hasi na C hasi; mlango uko wazi. Kipengele cha sehemu ya pembe ni kipeuo cha pili cha 8, sawasawa na katika deuteroni, ambako kani hiihii ndiyo inayochanganya D kidogo ndani ya kiini ambacho kingekuwa S tupu. Usiogope ile 1/r³: fanksheni ya wimbi ya D huanza kama r², hivyo muunganiko wa S na D hauna tatizo karibu na sifuri. Tatizo liko kwa jirani yake, kani ya spini kwa spini, ambayo imeandikwa kama nukta tupu pale r = 0. Katika daraja la kwanza inatoa jibu zuri. Ukiipeleka daraja la pili kwenye hali za S, jumla ya majirani wa juu haifikii kikomo, hata kama hakuna pacha yeyote karibu. Ukihitaji daraja hilo, tandaza ile nukta iwe na upana kidogo. Nimeona kazi nzuri zikiharibika hapo, mwandishi akilaumu hali pacha ambazo hazikuwa na kosa.

Je, tunajuaje kwamba mchanganyiko huu si hadithi ya karatasini? Tazama hali hizi zinavyogeuka kuwa elektroni na positroni. Ili hilo litokee kwaki na mpinzani wake lazima wakutane nukta moja. Fanksheni ya S ina thamani pale kwenye sifuri, ya D haina. Hali tupu ya D ingekuwa karibu bubu katika njia hiyo. Ingesikika kidogo tu kwa mkunjo wa fanksheni yake. Lakini ψ(3770) ina upana (kipimo cha kasi ya kuvunjika) wa keV 0.26 kwa elektroni na positroni, dhidi ya keV 2.33 za ψ(2S). Ni zaidi ya moja ya kumi. Ukidhani mchango wote umeazimwa kutoka S, uwiano huo, pamoja na sahihisho dogo la tungamo, unatoa pembe ya nyuzi 19. Ukikumbuka kwamba D ina mchango wake mdogo, na kwamba michango hujumlishwa kabla ya kuipeleka kipeo cha pili, pembe inashuka. Mwaka 2001 mwanafizikia Jonathan Rosner aliifikisha takriban nyuzi 12. Kuna pia suluhisho la pili lenye alama tofauti, maana kipeo cha pili huficha alama. Kwa hiyo katika tasnifu yako andika wazi alama ya V na jinsi ulivyofafanua pembe. Bila hayo msomaji hawezi kulinganisha namba yako na ya mtu mwingine.

Nije kwa swali la msimamizi wako, ambalo ni zuri kuliko anavyoonekana kulichukulia. hc ina MeV 3,525 na χc1 ina MeV 3,511. Pengo ni 15 tu, zote ni za wimbi P, zote zina J = 1 na pariti chanya. Kwa macho ya pengo peke yake, hizi zingekuwa hatari mara sita ya ψ zako. Lakini hc ina C hasi, na χc1 ina C chanya. Chamoniamu ni kwaki na mpinzani wake, kwa hiyo C ni tabia halali ya kila hali, na kani kali inaiheshimu. V kati yao ni sifuri kamili. Sifuri gawa kwa 15 ni sifuri. Sifuri gawa kwa 0.001 nayo ni sifuri. Hata zingepitana njiani, zisingesalimiana.

Ondoa sasa ulinganifu huo. Badilisha mpinzani wa chamu kwa kwaki nyepesi, upate mesoni D. Chembe hiyo si mpinzani wake yenyewe, C haina kazi tena, na zile hali mbili za P zenye J = 1, moja ya spini 0 na nyingine ya spini 1, zinafunguliwa mlango. Matokeo yake ni mfano ninaoupenda kuliko yote katika somo hili. Maabara yanatuonesha D1(2420) na D1(2430). Matungamo yao yako ndani ya MeV chache, yamebanana kiasi kwamba ukiangalia tungamo tu ungedhani ni chembe moja. Ila moja ina upana wa MeV 30 hivi na nyingine MeV 300 hivi. Mara kumi!

Ukianza na msingi wa spini 0 na spini 1, hutaelewa kamwe. V kati yao ni kubwa, pengo ni dogo, na usumbufu unakataa. Lakini chamu ni nzito, na spini ya kitu kizito haishughulikiwi sana na gluoni. Basi iweke kando. Jumlisha kwanza spini ya kwaki nyepesi na mzunguko wake upate j, ama 1/2 ama 3/2, kisha ndipo ulete spini ya chamu. Katika msingi huo mambo yananyooka. Hali ya j = 1/2 huvunjika kuwa D* (ndugu wa mesoni D mwenye spini 1) na pioni kwa wimbi S, bila kizuizi, kwa hiyo ni pana. Ya j = 3/2 hulazimika kupita kwa wimbi D, polepole, kwa hiyo ni nyembamba. Pembe kati ya misingi hiyo miwili si ya kubahatisha: tanjenti yake ni 1 juu ya kipeuo cha pili cha 2, yaani nyuzi 35.3. Kilichobaki cha kusumbua ni sahihisho la kiwango cha 1 juu ya tungamo la chamu. Hilo ndilo dogo kweli, na hapo nadharia ya usumbufu inarudi kazini kwa heshima zake. Hatukuitupa, tuliipa mahali pa kuanzia.

Ndiyo njia ninayotaka uitumie kwa 2S na 1D pia. Gawa hali zako makundi mawili: la ndani lenye 2S na 1D, na la nje lenye 1S, 3S, 2D na wengine wote. Majirani wa nje wako mbali: J/ψ, ambayo ndiyo 1S, iko MeV 589 chini ya ψ(2S). Hao watendee kwa daraja la pili, lakini matokeo yao usiyaweke kwenye nishati moja moja. Yaweke ndani ya matriki ya mbili kwa mbili, kwenye ulalo na nje ya ulalo, maana 2S inaweza kwenda 3S kisha ikarudi 1D, na njia hiyo hubadilisha V yenyewe. Wengi huisahau. Ukishaijaza matriki, itatue kikamilifu bila kupanua kitu. Kisha jumlisha nishati mbili zilizotoka: lazima zilingane na jumla ya ulalo. Zisipolingana, kuna kosa la kuandika programu mahali fulani.

Halafu chora nishati zote mbili vigezo vinapobadilika polepole kutoka pengo la 80 hadi sifuri na kupita. Utaona mistari ikikaribiana, kisha ikikwepana bila kukatana, umbali wa chini kabisa ukiwa 2V, MeV 36. Upande wa pili wa ukwepaji, mstari wa chini ulioanza kama 2S utakuwa kwa sehemu kubwa 1D. Programu inayopanga hali kwa nishati itaendelea kuuita 2S. Fuatilia yaliyomo ndani, usifuate nafasi.

Limebaki jambo moja ambalo potenshali yako haina. Jozi ya mesoni D isiyo na chaji na mpinzani wake huanza kuzaliwa MeV 3,730. ψ(2S) iko chini ya kizingiti hicho, ψ(3770) iko juu yake, na ndiyo maana ya kwanza ina upana wa chini ya MeV 0.3 na ya pili MeV 27 hivi. Hali zote mbili huongea na jozi hizo za D, na kupitia kwao huongea zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo zile nyuzi 12 za maabara si za kani ya tensa peke yake. Kani hiyo katika miundo mingi hutoa mchanganyiko mdogo zaidi, na sehemu inayobaki hutoka kwa jozi. Kama V yako ya 18 imetoka kwenye tensa tupu, rudia kukagua nguvu yake kwa namna χc0, χc1 na χc2 zinavyoachana, kwa sababu tensa hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi huko. Na kizingiti kikishuka hadi kugusana na hali yenyewe, kama χc1(3872) iliyogunduliwa na jaribio la Belle mwaka 2003, ambayo imekaa juu kabisa ya jumla ya matungamo ya D0 na D*0, matriki ya mbili kwa mbili haitoshi tena. Jirani hapo si ngazi moja, ni msururu usio na mapengo, na sura hiyo usiifungue katika tasnifu ya uzamili.

Kwa ψ zako unaweza kuingiza upana kwa urahisi: kwenye ulalo wa 1D ongeza sehemu ya namba changamano, −i mara nusu ya upana, yaani MeV 13.5. Kwa pengo la 80 karibu hakuna kitakachobadilika. Kwa pengo la 10, ukubwa wa pengo changamano ni karibu 17, bado chini ya 36, hivyo hukumu ni ileile: tatua kikamilifu. Fanya hesabu mbili, yenye upana na isiyo na upana, uziweke katika jedwali moja pamoja na Δ, V na alama yake, kisha mpelekee msimamizi kabla hujaandika sura ya majadiliano.